Jina la Mama Mkwe Haliwezi Kukosa Shule

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Louisville

Bagula ndugu yangu, Bwana asifiwe. Hujambo? Mgongo wako je, umeacha kukusumbua? Na baridi ya Buffalo, imeshaanza kuwatafuta? Sisi huku South End ni wazima, tunamshukuru Mungu.

Uliniomba nikuandikie siku kwa siku namna ninavyosomesha watoto nyumbani, ili ujue kama na wewe utawatoa wako shuleni. Bon. Nitaandika yote, hata ya aibu, halafu nitakutumia. Usimsomee mtu. Zaidi ya wote usimsomee mama mkwe wangu. Najua mnasali kanisa moja, na anakaa kiti cha mbele yako.

Mpango ulianza hivi. Mama mmoja mzungu, tunafunga naye masanduku kiwandani, aliniambia watoto wake wanasomea nyumbani na wanajichagulia wenyewe cha kusoma. Mmoja alichagua vipepeo. Leo yuko chuo kikuu. Vipepeo! Nikasema moyoni, kama kipepeo anafikisha mtu chuo kikuu, udaktari utamfikisha wapi? Tangu Agosti wangu wako nyumbani. Mke wangu Bulonza anatunza wazee asubuhi, mimi naingia kiwandani jioni, donc mchana mwalimu ni mimi.

Mtoto achague. Ndiyo. Lakini hata mbuzi anachagua majani ya pale ulipomfunga. Kwa hiyo Jumamosi nilinunua koti jeupe la daktari kwenye duka la mitumba, pamoja na kile chombo cha kusikilizia moyo, cha kuchezea. Leo asubuhi nikaviweka mezani kama vitu vilivyosahauliwa. Nikajificha jikoni. Nikaomba kimya kimya.

Bahizire akalivaa koti! Ana miaka tisa, likamfika kwenye viatu. Nikatoka mbio kumuuliza yeye sasa ni nani. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni dereva wa basi, na somo lake wiki hii ni mabasi. Yote. Mpaka yanakogeuzia.

Ningekataa. Lakini huyu nilimpa jina la marehemu baba yangu, na kwa desturi yetu namwita Papa tangu yuko kwenye nepi. Sijamgusa hata kofi. Utampigaje baba yako? Nikamweleza kwa upole kwamba marehemu mzee asingependa mabasi. Akasema mzee ni yeye, na anayapenda.

Dada yake Eme ndiye mgumu zaidi. Jina lake zima ni Emérence, jina la mama mkwe. Ana miaka kumi na miwili, na nikitaka kumkemea naona aibu, kama vile ninamkemea mama mkwe mwenyewe. Naongea naye huku natazama sakafu. Yeye kachagua habari. Anataka kuwa mwandishi wa habari. Anazunguka na simu ya zamani ya mama yake, anarekodi, anauliza maswali. Nimeshukuru. Angalau huyu somo lake halimdhuru mtu.

Jumanne, 7 Oktoba

Kutwa kwenye basi! Tulikwenda hadi mwisho wa njia tukarudi, tukaenda tena. Papa amekaa nyuma ya dereva na koti lake jeupe, anatangaza vituo kabla havijafika. Bibi mmoja akaona koti, akamlalamikia presha yake. Papa akamshauri ashuke kituo kinachofuata. Bibi akashuka! Eme alikuwa anarekodi mlio wa mlango. Mimi usingizi wa kazi ukanishinda.

Sijavua hata viatu nyumbani, simu. Mama mkwe, kutoka Buffalo. Hakuna habari ya asubuhi, hakuna Bwana asifiwe. Akaniuliza kama basi la Louisville lina kitanda, maana amesikia mkwe wake amelala humo kinywa wazi mpaka abiria wakahama viti. Nikasema nilikuwa naomba. Akauliza ni maombi gani ya kukoroma.

Halafu sauti yake ikatulia. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Alhamisi anapanda basi kwenda Columbus kwa binti yake Alliance, shemeji yangu wa Reynoldsburg, pembeni ya Columbus. Jumamosi niwapeleke watoto huko. Atawauliza mwenyewe walichosoma. Eme akionekana hajui kitu, Jumapili anaondoka naye, ataingia shule Buffalo. Akasema: jina langu haliwezi kukosa shule. Akakata.

Nikakaa kwenye ngazi. Bagula, desturi unaijua. Jina ni lake. Akidai jina lake, nani atamzuia? Bulonza? Ni mama yake. Mimi? Mimi hata kumtazama usoni siwezi. Na Eme ndiye anayenifungia chakula cha kazini, pilipili pembeni kwa sababu anajua tumbo langu. Nyumba hii bila sauti yake ni redio bila betri.

Lakini nani amesema? Kwenye basi hatukuwa na mtu tunayemjua. Nimefikiri sana. Ni Mama Mukandoli, jirani wa chini. Dirisha lake linatazama kituo cha basi. Kinywa changu alikionaje kutoka huko, Mungu ndiye anayejua.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemtega!

Nilimfuata Mukandoli kwenye chumba cha kufulia. Nikamnong'oneza kwamba nimenunua mbuzi mzima, yuko bafuni kwangu, namtunza mpaka Noeli, asimwambie mtu. Nilimwambia yeye peke yake, Bagula! Hapakuwa na mwingine, ila Eme tu aliyenishikia sabuni na simu yake. Mukandoli akacheka mpaka akaishikilia mashine. Akauliza mbuzi anaoga maji ya moto au ya baridi. Nikajibu ya vuguvugu. Nilikuwa makini sana.

Kabla sijatoka kwenda kazini, simu. Mama mkwe anataka kujua kama mbuzi ameshaoga.

Voilà! Nimemkamata. Ni Mukandoli, hakuna shaka tena. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa akili ya upelelezi.

Baadaye kidogo Mukandoli akabisha hodi na sufuria ya sombe. Majani ya muhogo, ya mafuta ya mawese, mvuke unapanda. Ananiambia tule na mbuzi wetu. Nikamrudishia. Mfuniko sikuufungua. Nilifumba macho wakati namkabidhi. Nikamwambia sisi hatuli chakula cha msaliti. Akabaki mlangoni ananitazama kama mtu asiyejua nimesema lugha gani. Watoto nao walinitazama kama muuaji. Bulonza alipoambiwa akasema sasa nimepata wazimu kamili, na kwamba wazimu hautoshi kushibisha mtu. Tumekula mkate na chai.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama mkwe ameshafika Columbus. Alliance kapiga simu kunitangazia, na kuniuliza kwa sauti ya sukari kama watoto wangu wana vyeti. Mwanawe Clinton amepata kingine. Ukuta umejaa, anasema sasa wataanza kubandika kwenye dari. Nikamwambia vyeti vya watoto wangu viko rohoni. Akasema basi Jumamosi tutaipasua hiyo roho tuvione.

Nimebuni ishara. Mama mkwe atapenda kuuliza miji mikuu, hilo Bulonza kanihakikishia, ndilo alilokuwa anawauliza wao walipokuwa wadogo Bukavu. Donc: nikishika sikio, jibu ni Kinshasa. Nikishika pua, ni Frankfort, ndio mji mkuu wa Kentucky. Nikijikuna kisogo, Washington. Nikikohoa, nyamaza usiharibu.

Papa akazishika zote papo hapo. Eme alikaa tu na simu yake mbele yangu. Akauliza hii kazi inaitwaje. Nikajibu inaitwa maandalizi. Akauliza kama Mungu anayapenda maandalizi ya namna hii. Nikakohoa. Akaniambia anajua kukohoa maana yake ni kunyamaza, ila sheria hiyo ni ya Jumamosi.

Nikamsihi, huku natazama sakafu, ajifunze ishara. Akasema kwa adabu kubwa kwamba ana jambo lake ameliandaa. Jambo gani? Hasemi. Ni chaguo lake, akasema, na mimi ndiye niliyesema wachague.

Nani alinituma kusema?

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimefunga. Sijala tangu asubuhi, na kutoka chini harufu ya mawese inapanda. Majaribu.

Bulonza ametoa begi. Akaweka sweta za Eme, soksi nene, koti la baridi. Alipokwenda kuoga nikavitoa vyote nikavirudisha kabatini. Alipotoka akavirudisha kwenye begi. Hatukugombana. Nilimsaidia kufunga zipu, ilikuwa imekwama.

Kabla ya kazi Eme akaja na simu. Anataka mahojiano. Akaniuliza nitasema nini kama atachukuliwa Buffalo. Nikamwomba azime simu. Akaizima, akaiweka mezani, kioo chini. Nikamwambia nitakachokwambia na wewe: kwamba Jumatatu niko tayari kuwarudisha wote wawili shuleni, na mpango wangu wote kuutupa kwenye taka, mradi tu yeye asiende. Akatikisa kichwa. Akanifungia chakula, nikamkumbusha nimefunga. Akanifungia tena hivyo hivyo, pilipili pembeni.

Saa ya mapumziko nilikula. Mungu aliona hali yangu.

Jumamosi, 11 Oktoba. Reynoldsburg

Naandika haya kwenye maegesho ya magari nje kwa Alliance. Nieleze kwa mpangilio.

Tulifika mchana. Mama mkwe yuko kwenye kiti kikubwa, miguu juu ya kigoda, kitambaa kichwani kama taji. Nikasimama mlangoni, macho chini, nikamsalimu kwa heshima zote. Akaitikia. Halafu Alliance akanionyesha jikoni.

Jikoni! Tangu nimeoa najua kwamba mkwe hakai mbele ya mama mkwe wake! Ni nani alipanga ishara za kufanyika mbele ya uso wake? Ni mimi. Ni nani sasa amekaa nyuma ya ukuta na kikapu cha vitunguu amepewa amenye? Ni mimi. Nilishika sikio, nilishika pua, nilijikuna kisogo. Friji tu ndiyo iliniona.

Basi nikasikiliza. Clinton alianza. Akasoma vyeti vyake kimoja kimoja, kwa Kiingereza kizuri, tusimwonee. Alliance akawa anapiga makofi kila kimoja. Mama mkwe akangoja amalize, akamuuliza kwa Kiswahili kama ameshakula. Clinton akajibu kwa Kiingereza. Akamuuliza amekula nini. Akajibu Kiingereza kingine, kifupi zaidi.

Halafu mama mkwe akaita jina lake mwenyewe. Emérence, njoo. Kisu kikanitoka mkononi.

Hakumuuliza mji mkuu wowote. Akamwambia tu: wajina, lete habari.

Na Eme akaanza, Bagula, kwa Kiswahili kilichonyooka! Kwanza akamwamkia kwa Kishi, lugha ya kwetu, salamu ndefu ile ya wazee, ambayo mimi mwenyewe nimeisahau katikati. Halafu akasema: habari za wiki kutoka Louisville, na wahusika wako hapa hapa, mmoja yuko jikoni. Kama nilivyokuarifu Jumatatu, alisema, baba alijificha akatega koti jeupe. Kama nilivyokuarifu Jumanne, baba alilala kwenye basi. Kama nilivyokuarifu Jumatano, hakuna mbuzi.

Kama nilivyokuarifu!

Nikakaa juu ya gunia la mchele. Ni yeye! Kila siku mchana, mimi nikiwa usingizini au nikijitayarisha kwenda kazini, mtoto anatuma sauti yake Buffalo. Hilo ndilo somo alilochagua. Sikumkataza hata kidogo. Nilishukuru!

Akaendelea. Akamweleza habari ya sombe iliyorudishwa mlangoni, na uso wa Mama Mukandoli, nikatamani kuingia ndani ya friji. Akaeleza ishara. Papa akaruka kusaidia, nikasikia anaonyesha, hapa ni Kinshasa, hapa ni Frankfort. Kiti cha mama mkwe kikaanza kulia kwa kicheko. Akamwambia Alliance amshike, ataanguka.

Nilingoja afikie Ijumaa. Maneno yale yangu. Nikafunga macho. Eme akasema: Ijumaa baba alifunga mpaka saa ya mapumziko. Mwisho wa habari.

Hakuyasema. Simu ilikuwa imezimwa.

Mama mkwe akajifuta macho. Akapaza sauti makusudi, ipite ukutani. Akasema: huyu haendi popote. Akasema Buffalo ana masikio yake mwenyewe, akimchukua wajina, ya Louisville atayasikia kwa nani? Alliance akaanza kusema habari ya vyeti. Akamwambia: mwanangu, Clinton wako ana karatasi nyingi na nitaziombea zote, lakini sijui hata amekula nini. Huyu kila siku ananipigia, ananiuliza maneno ya nyumbani, akikosea namrekebisha, kesho hakosei tena. Kama si shule hiyo, basi niambieni shule ni nini. Halafu akageukia ukuta: na wewe mkwe wa jikoni, ukamwombe Mukandoli msamaha, na usiku huo huo usimwombe sombe, una tabia hiyo.

Nikajibu ndiyo mama, kwa vitunguu.

Bagula, nimelia. Alliance aliingia akanikuta. Nikamwambia ni vitunguu. Akasema vitunguu nilivimaliza zamani. Lakini akanipa kitambaa cha meza nijifutie, na sahani ya nyama. Bulonza alikuja nyuma yangu, akaegemeza paji la uso mgongoni kwangu. Begi la Eme halikushushwa hata kwenye gari. Liko nyuma, na zipu yake mbovu. Ni begi zuri kuliko yote niliyowahi kuona.

Jumapili, 12 Oktoba. Louisville

Ibada tamu. Pasta Ombeni aliuliza nani ana ushuhuda, nikasimama kabla hajamaliza swali. Nikashuhudia namna Mungu alivyomwachia mtumishi wake binti yake. Akauliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kuwaacha watoto wachague, kwa moyo mweupe, bila hila. Kanisa zima: Amina! Eme alikuwa mstari wa tatu, anarekodi.

Mchana nikateremka kwa Mukandoli. Nilikuwa nimeandaa maneno mazito. Alifungua mlango, akaniuliza kama ni mbuzi amenituma. Nikaomba msamaha, nikaeleza yote. Akaniambia alidhani nimepatwa na malaria ya Amerika, amekuwa akiniombea. Halafu akanipa ile sufuria. Nilifurahi! Nikafungua mfuniko. Tupu. Akasema zamu yangu kupika, na kwamba mawese yanauzwa pale pale kwa duka la Wakongo, najua njia, na mwanangu anajua basi.

Nimelala mchana huu kama mtoto mchanga. Amani, ndugu yangu. Amani tupu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Bagula, nimeamka na wazo.

Sikiliza. Kama Eme anampelekea mama mkwe kila habari, basi kosa si la Eme. Kosa ni la habari! Zikiwa nzuri, nitasifiwa Buffalo nzima. Donc leo asubuhi nilipita karibu na simu yake kama bahati mbaya, nikasema kwa sauti kwamba namwombea mama mkwe kila alfajiri nikiwa nimepiga magoti, na kwamba nimemnunulia koti la baridi.

Eme akauliza liko wapi apige picha.

Nikazunguka nyumba. Hakuna koti. Ila lile jeupe la daktari. Nikalishika. Akapiga picha. Limeshafika Buffalo, hilo koti, kwa picha. Tafadhali, akikuuliza kanisani, mwambie huku Louisville ndiyo mtindo.

Kwa Papa nimebadilisha chambo. Koti lilikuwa kosa, linavaliwa na kila mtu. Leo nimeweka mezani tai na kikokotoo. Uhasibu! Nikajificha jikoni. Akaja, akavisogeza pembeni apate nafasi ya kuweka uji wake. Nikatoka kumuuliza wiki hii amechagua nini. Akasema mbuzi. Nikacheka. Hakucheka. Anataka kusoma mbuzi, anakula nini, analala wapi, na anauliza yule wa bafuni anafika lini, maana nilisema atakaa mpaka Noeli.

Nikamwambia yule alikuwa wa mtego. Akanitazama kwa macho yale ya marehemu mzee, yale ya siku nilipopoteza ndama wake utotoni. Unafikiri nilijibu nini? Nilisema ndiyo, Papa.

Basi naulizia mbuzi. Mdogo. Mwenye tabia nzuri. Mukandoli ameshaanza kuuliza kwa dirisha kama maji ya vuguvugu yako tayari.

Na kuhusu swali lako, ndugu yangu: watoe. Watoe shuleni kesho. Waache wachague wenyewe, ni rahisi sana. Siri ni kujua tu cha kuweka mezani.

Simu inaita. Ni Buffalo. Lazima ni ile picha.

Nisalimie mama watoto. Tafadhali nijibu upesi.

Ndugu yako, Nshombo